Kuchagua Oili kwa Injini Iliyojaa Tope: Maneno kwa Fundi Anayeanza

Gari linapoletwa gereji, ukafungua kifuniko cha oili na kukuta tope limeganda chini yake, mwenye gari huuliza mara moja ni oili gani italiondoa. Nakuomba wewe unayeanza kazi hii usimjibu kabla hujaliangalia tope lenyewe. Likiwa la rangi ya chai ya maziwa, hayo ni maji yaliyochanganyika na oili, ama kwa sababu gari huendeshwa safari fupi mno na injini haipati joto la kutosha, ama kwa sababu gasketi ya silinda hedi imeungua na maji ya rejeta yanapungua. Kama ni gasketi, hakuna oili itakayokusaidia hadi itengenezwe. Likiwa jeusi na zito kama lami, basi oili ilikaa muda mrefu kupita kiasi, ikaungua kwa joto na kubeba masizi hadi ikashindwa kuyabeba.

Wakati nikijifunza kazi, katika gereji ambayo sitaitaja, tulimimina mafuta ya taa ndani ya injini ya aina hiyo, tukaiacha ingurume kwa dakika kadhaa, kisha tukamwaga na kuweka oili mpya. Tope liliachia kwa vipande, vikaenda kuziba chujio la pampu lililomo ndani ya sampo, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini. Siku ya pili taa nyekundu ya oili iliwaka barabarani, na gari liliporudi kwa kuvutwa injini ilikuwa imenoki. Mwenye gari aliambiwa kwamba injini ilikuwa imechoka, na mimi nilinyamaza, jambo ambalo linanisikitisha hadi leo. Tangu hapo nimeshikilia kwamba tope lililojengeka kwa miaka liondolewe polepole, na oili ichaguliwe kwa nia hiyo.

Anza na kitabu cha gari. Injini ya Toyota ya 1NZ-FE, ambayo utaikuta katika IST na Vitz nyingi hapa kwetu, huchukua takriban lita 3.7 pamoja na filta, na oili inayoifaa ni nyepesi, kama 5W-30 (namba hizi huonyesha uzito wa oili, na zikiwa kubwa oili ni nzito zaidi). Wengi watakushawishi uweke 20W-50 kwa sababu injini ni ya zamani na inapiga kelele. Ushauri huo ni mbaya kwa injini yenye tope, kwa kuwa njia za oili zimekwisha kuwa nyembamba, na oili nzito huchelewa kufika kwenye kamshafti, shafti ya juu inayofungua vali, asubuhi injini inapowashwa ikiwa baridi. Tena mfumo wa VVT-i, unaobadilisha muda wa kufunguka kwa vali, hufanya kazi kwa presha ya oili inayopita katika kichujio kidogo sana. Injini ikiwa imelika na inakula oili, unaweza kupanda hatua moja, kwa mfano 10W-40, iwapo kitabu kinaruhusu.

Baada ya uzito, soma daraja la API, yaani kiwango cha ubora cha Taasisi ya Petroli ya Marekani, nyuma ya dumu. Herufi S ni ya injini za petroli na C ni ya dizeli, na herufi inayofuata kadiri inavyosogea mbele ndivyo oili inavyokuwa ya kiwango kipya zaidi: SF ilianza mwaka 1980, SN mwaka 2010 na SP mwaka 2020. Daraja jipya lina viambato bora vya kusafisha chuma, na vingine vya kuyashika masizi yaelee ndani ya oili badala ya kuganda, na hivyo ndivyo unavyovihitaji. Mafundi wengine hutumia oili ya dizeli kwa sababu ina viambato vingi vya kusafisha. Ukitaka kufanya hivyo, chagua yenye alama zote mbili, C na S, na yenye uzito unaotakiwa.

Sishauri kununua oili ya sinthetiki ya bei kubwa kwa awamu ya kwanza, kwa kuwa utaimwaga mapema. Fedha hiyo afadhali inunue filta, maana filta hubadilishwa kila unapomwaga oili bila kuruka hata mara moja. Mimi humwaga ya kwanza baada ya kilomita 500, ya pili baada ya 1,000, kisha baada ya 2,000. Oili ikiwa nyeusi mapema usishtuke, kwani inafanya kazi yake. Sampo ikifunguka kwa urahisi, ifungue kabla ya yote usafishe chujio la pampu, na uikague vali ya PCV, inayotoa mvuke na gesi chafu ndani ya injini, kwa sababu ikiziba tope litarudi hata ukiweka oili ya aina gani.

Mwambie mwenye gari kwamba taa ya oili ikiwaka, hata kwa sekunde chache, azime injini papo hapo na akupigie simu kabla ya kuiwasha tena.