Siku moja ya kupumzika Mtera haipotei bure

Ndugu yangu, umesema mna siku 5 za boti ya injini bwawani Mtera, na wenzako wanaona kukaa siku nzima ya 3 mwaloni, pale wavuvi wanapoegesha boti, ni kupoteza muda. Mimi nasema pumzikeni, tena bila kuoneana aibu.

Mtera si bwawa la kuchezea. Maji ya mito ya Ruaha Mkuu na Kisigo yanakutana pale, upepo wa mchana unainua mawimbi, viboko na mamba wamo. Mtu aliyechoka anachelewa kuona kichwa cha kiboko, na kuchelewa huko ndiko kunakoua. Mwili unadanganya: jua la Dodoma na mtikisiko wa injini vinakumaliza hata kama umekaa tu.

Fikeni mwaloni kabla ya upepo kuchachamaa. Vuteni boti nchi kavu, ombeni ruhusa kwa viongozi wa mwalo, muulize wavuvi wapi pa kulala. Msilale ukingoni, kiboko hutoka usiku kula majani.

Asubuhi kagueni injini taratibu. Tazama lile tundu linalorusha maji ya kupooza: yakitoka kwa kusuasua, chokonoa kwa waya mwembamba, mara nyingi ni tope tu. Zungusha pangaboi, yaani feni inayosukuma boti majini, kwa mkono, utakuta uzi wa nyavu umejisokota nyuma yake. Baada ya hapo nunueni sato, mchome, mpate usingizi wa mchana chini ya mti.