Mteja akiondoka nyuma ya kiti: kazi ya chapa wakati wa maradhi ya mripuko

Siku za kawaida, ingia duka lolote dogo la chapa, la Darajani au la Chake Chake, utamkuta mteja amesimama nyuma ya kiti cha dizaina, kidole kinaelekea kwenye skrini. Hapo jina la biharusi limepungua herufi. Hapo nambari ya simu ina tarakimu tisa. Mteja huyo ndiye msahihishaji wa duka, na halipwi hata senti. Korona ilipoingia Zanzibar Machi 2020, wa kwanza kutoweka alikuwa yeye. Ndoo, jiki na barakoa zilihitajika, hilo halina ubishi, lakini hasara inayotafuna karatasi hutoka kwingine: kazi iliyochapwa bila ya mwenyewe kuipitia. Wewe unayeanza, maradhi mengine yakija, anza kujipanga hapo.

Tumalize kwanza habari ya mlango, maana ni fupi. Duka la vyumba viwili vyembamba katika Mji Mkongwe halina nafasi ya kuwatenganisha watu mita moja moja, basi usijaribu kuwapanga ndani. Weka meza mlangoni, mteja abaki barazani. Baraza zetu zimejengwa ili watu wakae. Kiyoyozi cha ukutani kisikudanganye, kwa sababu huzungusha hewa ile ile ya chumbani. Ukifungua madirisha wakati wa masika unaingiza unyevu kwenye karatasi, ukiyafunga unafuga pumzi za watu. Dawa ni kutenga: watu wakae chumba cha mbele palipo wazi, mashine na karatasi ziwe chumba cha nyuma anakoingia mtu mmoja tu kwa zamu. Dizaina mwenye kompyuta yake afanyie kazi nyumbani. Waliobaki wagawe makundi mawili yasiyokutana, ili mmoja akiugua, kundi la pili liendelee na kazi.

Sasa oda. Andaa fomu moja ya kutuma kwa WhatsApp, na usianze kazi kabla haijajazwa yote: saizi, idadi, uzito wa karatasi kwa gramu, upande mmoja au miwili, rangi au nyeusi, inakatwa, inakunjwa au inabanwa, siku ya kuchukua, na majina yaliyoandikwa kwa herufi na mteja mwenyewe. Jina lililotajwa kwa sauti usiliandike. Khamis na Hamisi, Fatma na Fatuma ni watu tofauti kwenye cheti. Saa nazo zina mtego wake: mteja anasema "saa mbili", na wewe unaandaa tangazo litakalosomwa na wageni, ambao wao husema 8:00. Muulize pia ni asubuhi au usiku, na andika hivyo hivyo kwenye fomu.

Faili liletwe kama dokumenti, lisitumwe kama picha. Picha ikipita WhatsApp kwa njia ya kawaida hubanwa hadi kama pikseli 1,600 upande mrefu, na A4 ya kuchapwa vizuri kwa nukta 300 kwa inchi inataka pikseli 3,508. Kwenye simu itaonekana safi. Kwenye karatasi nembo itatoka na ukungu, na lawama ni zako. Bango la kitambaa cha plastiki la mita mbili linatazamwa kwa mbali, hilo nukta 100 zinalitosha. Omba PDF yenye fonti ndani yake. Kwetu hili lina uzito maalumu kwa sababu ya maandishi ya Kiarabu: faili la Word likifunguliwa kwenye kompyuta isiyo na fonti ile, aya huweza kubadilika sura, na programu za usanifu zisizowekwa kwa Kiarabu huzitenganisha herufi zisishikane au kuugeuza mstari uanzie kushoto. Asiyesoma Kiarabu hataona kosa lolote. Duka lisilo na msomaji limtafute, hata kwa simu, kabla ya kuchapa dua wala Yasini.

Nakala ya kuhakiki ndiyo inayoshika nafasi ya yule mteja wa nyuma ya kiti, kwa hiyo usiipitie mbio. Itume kwa PDF yenye nambari: "kadi-1", "kadi-2". Usitumie jina "ya mwisho". Ya mwisho huwa tatu. Chini yake andika maswali mahsusi, kwa sababu mtu akiambiwa "angalia kama iko sawa" hutazama rangi na picha akasahau herufi. Muulize: tarehe na siku ya wiki zinalingana? Nambari hii, umeipiga ikaita? Kisha mdai jibu la maneno, "Nimeisoma kadi-2, chapisha nakala 300". Kidole gumba peke yake kisikutoshe. Usipopata maneno hayo, mashine ikae.

Mfano unaofundisha zaidi ni imsakia, yaani jadweli ya nyakati za kufunga na kufuturu. Ramadhani ya mwaka 1441 iliangukia Aprili na Mei 2020, katikati ya maradhi. Nyakati za Unguja na Pemba zinapishana kwa dakika, kwa hiyo usichukue faili la mjini ukabadilisha jina la mahali ukampelekea mtu wa Wete. Jadweli ya siku 30 ihakikiwe na watu wawili, mmoja akisoma kwa sauti kwenye simu, mwengine akifuata mstari kwa rula. Inachukua kama dakika 20. Hapo kuna saumu ya watu.

Rangi ni ugomvi mwengine. Skrini ya simu hutoa mwanga, karatasi hurudisha mwanga, na kijani kinachong'aa kwenye simu hutoka kimefifia kwenye tona, yaani wino wa unga wa mashine ya leza. Chapa karatasi ya A5 yenye miraba 20 ya rangi kutoka mashine yako mwenyewe, kila mraba na nambari, na umpelekee kila mteja wa kudumu. Mkizungumza kwa simu atakwambia "nataka ya 7". Ukibadilisha aina ya tona, chapa upya karatasi hizo, za zamani zitakuwa uongo.

Kazi zenyewe hubadilika. Ndege za abiria za kimataifa ziliposimamishwa Aprili 2020, menyu na vipeperushi vya hoteli vilikwenda nazo. Zilizokuja ni matangazo ya kunawa mikono, lebo za kitakasa mikono, alama za sakafuni na mazoezi ya wanafunzi waliobaki nyumbani skuli zikiwa zimefungwa. Kila moja ina namna yake ya kuharibika.

Lebo ya kitakasa mikono ikichapwa kwa printa ya wino wa maji juu ya karatasi huyeyuka kwa matone ya spiriti ndani ya siku chache, na maelezo ya matumizi yanakwenda na maji. Tumia stika ya plastiki na uifunike kwa lamineshen. Alama ya sakafuni iwe duara la sentimita 30, kwani pembe za mraba hunyanyuka zikakanyagwa. Ifunikwe kwa plastiki yenye mikwaruzo ya kuzuia kuteleza. Ile laini inayong'aa, karibu na ndoo ya kunawia yenye sabuni, itamwangusha mtu mzima. Safisha kigae kwa spiriti, kiache kikauke, bandika kuanzia katikati ukisukuma hewa nje, na pasioshwe siku nzima. Kwenye ukuta wa chokaa stika haishiki kabisa, chokaa humeguka unga ikaanguka nayo. Huko tundika ubao.

Matangazo ya tahadhari watu huyapenda mekundu, ukurasa mzima. Kabla hujakubali bei, fanya hesabu ya tona. Idadi ya kurasa iliyoandikwa kwenye boksi hupimwa kwa wino unaofunika asilimia 5 ya ukurasa. Tona ya kurasa 10,000, ukurasa ukifunikwa asilimia 40, inakwisha kwenye kurasa 1,250 hivi. Mwambie mteja abakishe nyeupe nyuma na wekundu kwenye kichwa cha habari. Linasomeka kwa mbali zaidi, na bei yake inashuka.

Mazoezi ya wanafunzi faida yake ni ndogo, lakini yanalipa kodi ya chumba. Kurasa 24 kwa pande mbili ni karatasi 12. Wanafunzi 60 ni karatasi 720. Ongeza 3 kwa mia za kuharibika, unapata karibu 742, yaani rimu moja na nusu (rimu ni karatasi 500). Nakala zikiwa nyingi kwa kila ukurasa, mashine ya kudurufu ya Riso hushinda leza, kwa sababu gharama ya masta, ile karatasi-mama inayotengenezwa mara moja kwa kila ukurasa, inagawika kwa nakala zote. Nakala tano tano zipeleke leza.

Usafishaji unaua mashine kuliko kazi. Jiki ya asilimia 3.5 ichanganywe kipimo kimoja kwa vipimo 34 vya maji, upate asilimia 0.1; ile ya asilimia 5, kipimo kimoja kwa 49. Ichanganywe kila siku, isichanganywe kamwe na siki wala dawa ya choo, na iishie kwenye meza, kitasa na sakafu. Kwenye mashine itakula chuma. Huko tumia spiriti ya asilimia 70 kwenye kitambaa kilicholowa kidogo, mashine imezimwa na kupoa, na ufute vitufe, mifuniko na kioo cha skana. Usipulize dawa moja kwa moja. Fyuza, sehemu inayoyeyushia tona kwenye karatasi, hufikia karibu nyuzi 200 za Selsiasi na mvuke wa spiriti unawaka. Mikono iliyopakwa kitakasa ikauke sekunde 20 hadi 30 kabla ya kugusa kazi. Karatasi zenyewe usizipulizie chochote, zitajikunja. Utafiti wa Machi 2020 ulikuta kirusi kikidumu hadi saa 24 juu ya kadibodi, lakini baadaye ikafahamika kwamba njia kubwa ya kuambukizana ni hewa. Kwa hiyo nguvu zako zipeleke kwenye madirisha, na boksi lililotoka bandarini liwekwe pembeni hadi kesho yake, basi.

Kazi zikipungua, mashine isilale. Printa ya wino isiyofanya kazi wiki mbili huziba matundu ya kichwa, na kichwa kipya huweza kuzidi mapato ya mwezi. Chapa ukurasa wa majaribio wenye rangi zote mara mbili kwa wiki. Mashine ya mabango iachwe kwenye umeme usiku, maana hujisafisha yenyewe. Ya ofseti, osha rola na blanketi (mpira unaohamishia wino kwenye karatasi), kisha legeza rola zisikandamizane mahali pamoja, la sivyo zitapata bapa na kuchapa mistari.

Rimu zikae ndani ya karatasi yake ya nta, juu ya ubao, mbali na ukuta. Fungua ile ya kutumia leo tu, na jioni toa iliyobaki kwenye trei uifunge kwa plastiki. Karatasi iliyonyonya unyevu ikifika kwenye fyuza hujiviringa na kukwama. Meli zikisuasua, akiba ipimwe kwa wiki: ukitumia rimu 6 kwa wiki na mzigo wa Dar es Salaam ukachukua wiki mbili kufika, agiza zikibaki 18, usingoje 12.

Malipo chukua nusu kabla kwa pesa za mtandao wa simu, na uhakikishe salio kwenye simu yako mwenyewe. Ujumbe wa kuoneshwa na mteja haukubaliki. Mzigo wa Pemba ufunge plastiki ndani, boksi nje, rimu tano kwa boksi, yaani kilo 12 na nusu, mtu mmoja aweze kulinyanyua kwenye bandari ya Mkoani. Uufunge jana yake, boti haitakungoja.

Vitambulisho, vyeti na hati za watu zilizobaki kwenye simu ya duka vifute mteja akishapokea kazi na kukuandikia kuwa imefika salama. Ufute pia kwenye folda ya "Downloads" ya kompyuta, ambako kila faili hubaki nakala.