Shangazi, watoto wanane na likizo yote hii, nitapona?

"Shikamoo Shangazi. Niko Makorora, Tanga. Nina watoto sita: wa kwanza binti wa miaka 12, anayemfuata wa kiume ana 10, wa tano ana miwili, na wa mwisho ana miezi minne. Shule zilipofungwa tu, wifi yangu wa Dar akaniletea na wake wawili. Vyumba viwili, joto la kaskazi halisemeki, na kutwa ni 'mama njaa, mama kiu, mama kanipiga'. Nafoka mpaka sauti inakauka. Mume wangu ni fundi magari. Akirudi usiku ananiuliza nimeshinda nyumbani, nimechokea nini? Na huyo binti niliyemtegemea siku hizi kawa mjeuri, nikimtuma ananuna. Nifanyeje mpaka Januari?
Mama Wengi"

Marahaba mwanangu, na pole. Ya mume wako nitayafikia. Nianze na hilo la binti, uliloliweka mwisho kama la kupita tu.

Unapopika, mchanga anabebwa na nani? Nani anamfukuzia yule wa miaka miwili asiende barabarani? Hukuandika, lakini najua. Wenzake wanacheza rede hapo nje, yeye yuko uani, mtoto kiunoni, anakoroga uji. Shule ndiyo ilikuwa pumziko lake, nayo imefungwa. Usiuite ujeuri. Amechoka kama ulivyochoka wewe, ila wewe una ruhusa ya kufoka na yeye hana, basi ananuna.

Sasa huyo kaka yake wa miaka 10, katika barua nzima hana kazi hata moja. Mpe. Maji achote yeye, vyombo vya mchana aoshe yeye, nazi akune yeye. Mbuzi haiulizi anayeikalia ni wa kike au wa kiume. Wenzake watamcheka siku mbili tatu, kisha watazoea. Na binti mwambie waziwazi, mbele ya wote: kuanzia alasiri hadi magharibi hatumwi na mtu. Acheze, asukwe nywele, alale, shauri yake. Ukimwita katikati ya saa hizo hata mara moja, "nishikie huyu kidogo tu", umeharibu yote.

Tuje kwenye kelele. Nyingi zinatokana na kwamba kila kitu humo ndani lazima kipitie mkononi mwako, hata maji ya kunywa. Tafuta ndoo ya mfuniko yenye koki, iweke juu ya kigoda, chini kiasi cha mdogo kufika, na kila mtoto awe na kikombe chake cha rangi yake. Jiko liwashe mapema kabla jua halijapanda. Chemsha sufuria kubwa ya mihogo au viazi vitamu, funika, iache ipoe. Mwenye njaa saa tano anajua pa kwenda, hakuiti. Mchana kuanzia saa sita mpaka kwenye saa tisa, wote mkekani penye upepo. Kulala si lazima, kunyamaza ni lazima. Ukiwalazimisha usingizi utashinda unapigana nao, na wewe ndiye unayehitaji kulala hapo. Kama chuoni kwao ustadhi anasomesha asubuhi wakati wa likizo, wale wa kati wapeleke bila kusita.

Mawili siyafanyii mzaha. Ndoo na beseni la kufulia visiachwe na maji wazi: mtoto wa miaka miwili akitumbukia kichwa mbele hawezi kujiinua, na hayahitajiki maji mengi. La pili, jirani atakwambia mchanga naye ana kiu, mpe maji. Usimpe. Kabla ya miezi sita maziwa yako yanamtosha hata kwenye joto hili. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi, basi. Akitoka harara mwogeshe na umvike kitu chepesi cha pamba. Poda waachie wauza poda.

Mume wako sasa. Wengi watakushauri umwachie watoto wote siku nzima umfunze adabu. Mimi sikushauri hivyo. Atawanunulia soda, atawapa simu, atalala, na jioni utakuta nyumba imepinduka na yeye anasema mbona ilikuwa rahisi. Muombe jambo moja linaloshikika: kila Jumapili alasiri awapeleke wakubwa baharini, Raskazone. Wa kiume watakwenda tu, kwa ruhusa au kwa kutoroka, basi heri waende na baba yao. Kabla ya kwenda awaulize wavuvi maji yanajaa na kupwa saa ngapi, kwa kuwa kila siku yanachelewa kiasi cha dakika 50, na ya Jumapili iliyopita hayamsaidii. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukipevuka, maji yanavuta kwa nguvu. Siku hizo wachezee mchangani. Mapango ya Amboni najua watayadai, na kweli hayako mbali, kiasi cha kilomita 8 tu kutoka mjini, lakini wewe na mchanga mgongoni humo gizani usithubutu. Wakienda, waende na baba yao vilevile.

Amebaki wifi. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, kwa hiyo wanawe nao wamo kwenye zamu ya vyombo, wa Dar wasiwe wa Dar. Mama yao mpigie leo, kwa sauti ya kawaida, umwambie unga na mafuta vinakwisha haraka kuliko ulivyopanga, achangie. Palepale akutumie na nauli ya kuwarudisha. Mabasi ya kwenda Dar karibu na shule kufunguliwa yanajaa wanafunzi, na tiketi asipokata mapema utaingia nao hadi wiki ya pili ya masomo.

Shangazi