Utumbo na ini bandia kwa filamu ya bajeti ndogo

Ndugu yangu, umeuliza utapata vipi utumbo na ini la bandia kwa eneo la upasuaji, na kama matumbo ya buchani yanafaa. Achana nayo. Chini ya taa yataanza kunuka kabla hujamaliza kurekodi, na nzi hawaigizi. Ila nenda buchani ukaangalie rangi: ini ni kahawia iliyoiva yenye wekundu, utumbo ni waridi iliyofifia kuelekea kijivu. Wengi hupaka kila kitu rangi nyekundu, ndiyo maana vinaonekana vya plastiki.

Utumbo ni rahisi. Chukua soksi ndefu nyembamba za kike, jaza pamba bila kusawazisha, funga uzi hapa na pale ili pabonyee, kisha paka mpira wa kimiminika (lateksi, unaopakwa kama rangi ukakauka kama ngozi), tabaka moja moja, kila moja likauke kwanza. Utumbo mwembamba wa mtu mzima hufika mita 6 hivi, kwa hiyo usiwe bahili.

Ini litengeneze kwa jelatini, maji na glisirini, ile ile ya kupaka mwilini. Yeyusha taratibu juu ya maji ya moto. Ikichemka inajaa mapovu. Tia rangi ya chakula na kakao kidogo, mimina kwenye chombo kilichopakwa mafuta. Taa kali huiyeyusha, basi tengeneza mawili, moja likae kwenye friji.

Damu ni shira nzito, rangi nyekundu na kakao kiasi. Mwagia dakika ya mwisho, ing'ae. Inachafua nguo vibaya, waonye waigizaji.