Mwanangu, kudai hela yako sio kuuza injili

Mwanangu, meseji yako nimeiona, unauliza eti mwimbaji wa injili akidai hela kabla ya kupanda stejini anamkosea Mungu, maana kuna wazee hapo kanisani wanasema unauza injili. Mi nakujibu kwa Mahalia Jackson, yule mwimbaji wa injili wa Marekani wa kaseti za baba yako.

Kazaliwa New Orleans 1911, mamake akafa yeye bado mdogo, akalelewa na mama mkubwa ambaye nyumbani kwake miziki ya dunia hairuhusiwi kabisa, ila yeye alikuwa akiwasikiliza kina Bessie Smith, waimbaji wa blues, kwa kuibia hahaha. Ujanani kahamia Chicago, kafua nguo za watu, kafanya kazi za ndani, baadae kafungua saluni, huku anaimba, na makanisa mengine ya Weusi wenzake hayamtaki eti anapiga makofi na kujitikisa mno. Basi 1947 akarekodi wimbo wa Move On Up a Little Higher, ulipotoka ukauza balaa, 1950 huyo yuko Carnegie Hall, ule ukumbi mkubwa wa New York. Kwenye klabu za pombe hakuimba, wakamfuata na mihela akakataa, hata mume wake wa kwanza alimsukuma aimbe za dunia ili wapate hela, wapi!

Sasa huyohuyo ndio alikuwa anataka chake keshi, mkononi, kabla hajaimba. Mapromota walishazoea kuwadhulumu Weusi, yeye hakutaka stori za njoo kesho. Na bado 1956 alienda Montgomery kuwaimbia Weusi waliogomea mabasi kwa sababu ya ubaguzi na hakuwatoza kitu, na 1963 Washington, kwenye maandamano ya haki za Weusi, yeye ndio alimpigia kelele Martin Luther King katikati ya hotuba awaambie watu habari ya ile ndoto. Kwa hiyo akitaka kutoa anatoa, lakini anaamua mwenyewe, sio kuamuliwa na mtu ambaye spika na maturubai kayalipia bila kunung'unika.

Kwa hiyo dai advansi, hao wazee niachie mimi.

Kitu kimoja tu cha Mahalia sikipendi. Mildred Falls, mpiga piano wake, alizunguka nae miaka mingi na ule mdundo unaousikia nusu ni wa vidole vyake, na inajulikana alikuwa analipwa kidogo mno, wakaja kuachana. Ndio maana nakuuliza, huyo kijana wako wa kinanda unampa shilingi ngapi?

Mama