Usiirudie ya kwanza kabla ya kuitazama ya pili

Ndugu wa Iringa, umeuliza kama Jumamosi uwakusanye wenzako wa shule ya msingi muanze na filamu ya Coming to America ya mwaka 1988, kisha muunganishe na ya pili iliyotoka mwaka 2021, na ukaomba ushauri kuhusu projekta na kuhusu watoto. Iache ya kwanza. Nakuomba kwa dhati, usiiguse.

Mimi niliitazama mwaka 1999, nikiwa darasa la tano, katika banda la video pale Mwanjelwa, mvua ikipiga mabati na mtafsiri wa papo kwa papo akipandisha sauti ili isimzidi. Kinywani mwake, Mfalme Jaffe Joffer alimkaripia mwanawe, "Ng'ombe wameshatolewa, leo unasema humtaki?", na wale vinyozi wazee wa Queens, kule New York, waligombana kwa Kinyakyusa juu ya bei ya ndizi za Tukuyu. Kaka yangu alicheka hadi akaanguka kwenye benchi.

Ilipotoka ya pili, kijana mmoja anayewawekea watu filamu kwenye flashi aliniapia kwamba nisipoirudia ya kwanza, tena yenye picha safi, sitaelewa kitu. Nina hasira naye mpaka leo, kwa sababu alinishauri juu ya jambo asilolijua, bandani hakuwapo. Nilimsikiliza, nikaitazama usiku uleule. Ng'ombe hawakuwamo, wala ndizi. Ilikuwa filamu nzuri ya Kimarekani ambayo kumbe sikuwahi kuiona, na ilipokwisha niliitafuta sauti ya mtafsiri wetu kichwani nikaikosa. Tangu siku hiyo, kila nikimkumbuka mfalme, namsikia mwigizaji wake, James Earl Jones, akisema Kiingereza. Sauti niliyoitunza miaka 22 ilifutika kwa saa mbili, na hakuna mahali nitakapoipata, kwani hakuna aliyemrekodi yule mtu.

Ya pili haidai maandalizi hayo, maana yenyewe imechomeka vipande vya ile ya zamani. Utamwona Eddie Murphy, yule mwana wa mfalme, aliyekuwa na miaka 27 katika ya kwanza, humo akikaribia 60. Wale vinyozi, ambao yeye na Arsenio Hall waliwaigiza kwa kupakwa uzee usoni, bado wako kwenye viti vyao. Mfalme anafanyiwa mazishi akiwa hai ili azisikie sifa zake, kisha anakata roho, na mwigizaji mwenyewe alifariki mwaka 2024. Mimi nami, niliyeingia bandani nimeshikwa mkono, nimekwisha kumpita umri Murphy yule wa mwaka 1988. Yote hayo yatakugusa ukiwa na kumbukumbu yako vilevile ilivyo, pamoja na makosa yake.

Kaka yangu hakuirudia. Yuko Tukuyu, ana mvi, na jioni nikimpigia simu humwomba anisemee mfalme. Hukohoa kwanza, kama mtafsiri alivyokuwa akikohoa, ndipo ng'ombe wanarudi.