Ramani ya hali ya maisha Dar es Salaam: makosa yanaanzia kwenye mipaka na vigawanyo

Mkuu, ramani uliyoweka inaonyesha Kinondoni imepoteza karibu asilimia 45 ya watu wake kati ya sensa ya 2012 na ya 2022, na kata ya Msasani imetoka rangi ya katikati, kama vile pale hakuna tajiri wala maskini. Umeuliza kama QGIS, programu ya kuchorea ramani, ndiyo imeharibu. Programu haina kosa. Imechora ulichoipa.

Anza na mipaka. Mwaka 2012 mkoa ulikuwa na wilaya 3: Kinondoni watu 1,775,049, Ilala 1,220,611 na Temeke 1,368,881. Baadaye Ubungo ilimegwa kutoka Kinondoni, Kigamboni ikamegwa kutoka Temeke. Sensa ya 2022 ikatoa wilaya 5: Kinondoni 982,328, Ubungo 1,086,912, Ilala 1,649,912, Temeke 1,346,674 na Kigamboni 317,902. Ili kulinganisha, rudisha kila kipande kwa mama yake. Kinondoni na Ubungo ni 2,069,240, ongezeko la karibu asilimia 17. Temeke na Kigamboni ni 1,664,576, karibu asilimia 22. Ilala ambayo haikuguswa imepanda asilimia 35, na ukitazama Chanika, Kivule na Msongola utaelewa kwa nini: huko ndiko watu wanakonunua viwanja na kujenga. Kata nazo zimegawanywa hivyohivyo. Tengeneza jedwali la safu mbili, msimbo wa zamani wa kata (namba yake ya sensa) na msimbo mpya, kisha jumlisha hadi eneo lililo sawa miaka yote miwili. Kazi hii inachosha, na watu wengi huiruka, lakini bila hiyo usichore ramani ya mabadiliko.

Unganisha jedwali na ramani kwa msimbo, usitumie jina. Majina yanajirudia (Ilala ni wilaya na ni kata, Kongowe ipo ya Mbagala na ipo ya Kibaha) na tahajia hubadilika toka faili moja hadi jingine. Msimbo wa mkoa wa Dar ni 07. Eksel ikiuona inakula ile sifuri na kubakiza 7, halafu kuunganisha kunakataa kata bila kukuambia. Weka safu hiyo kuwa maandishi kabla ya kubandika chochote, na baada ya kuunganisha hesabu kata zilizobaki tupu. Lazima iwe sifuri.

Kuhusu eneo na msongamano: badili ramani iwe UTM kanda ya 37 Kusini (EPSG 32737), mfumo unaopima kwa mita, kwanza, maana ukipima eneo kwenye digrii utapata namba zisizo na maana. Halafu toa ardhi isiyokaliwa na watu: uwanja wa ndege, kambi za jeshi, msitu wa Pugu, bonde la Msimbazi pale Jangwani, kampasi ya chuo kikuu. Usipofanya hivyo, watu waliobanana kwenye kipande kimoja cha kata wataonekana wametawanyika vizuri. Kumbuka pia sensa inahesabu watu walikolala usiku wa kuamkia siku ya sensa. Kariakoo na Kivukoni za saa nne asubuhi hazimo kwenye namba hizo hata kidogo, kwa hiyo usizitumie kupanga huduma za mchana.

Sasa Msasani. Kata hiyo moja ina Masaki, Oysterbay, Bonde la Mpunga na Makangira. Ukichukua wastani wa kata, ukuta wa ghorofa la Masaki na chumba cha kupanga cha Bonde la Mpunga vinachanganywa kwenye sufuria moja, na rangi unayopata haimwelezi mkazi yeyote wa pale. Uzunguni, Uhindini na Uswahilini za enzi za ukoloni zilitenganishwa kila moja na sehemu yake, lakini Dar ya leo imeshonwa vipandevipande na mara nyingi tofauti iko upande wa pili wa barabara. Shuka hadi mtaa. Ukikosa takwimu za mtaa, baki na kata lakini onyesha pia mtawanyiko ndani yake, yaani pengo kati ya kaya za chini na za juu, kwenye ramani ya pili kando ya ya kwanza.

Usijaribu kukata utafiti wa mapato na matumizi ya kaya hadi ngazi ya kata. Ule wa 2017/18 ulipangwa utoe makadirio ya mkoa, na kata nyingi zina kaya chache mno kwenye sampuli au hazina kabisa. Kwa kata na mtaa tumia maswali ya sensa kuhusu makazi na mali, ila chagua vinavyotofautisha watu wa mjini. Paa la bati na ukuta wa matofali ya saruji viko kila mahali Dar, havikuambii kitu. Vinavyosema ni maji ya bomba ndani ya nyumba au uani, gesi dhidi ya mkaa, choo cha kaya moja dhidi ya choo cha kuchangia, idadi ya watu kwa chumba cha kulala, na gari. Umiliki wa shamba au kuku unaweza kugeuka kabisa maana: kijijini ni mali, mjini mara nyingi ni alama ya pembezoni. Ukiunganisha viashiria kwa uchambuzi wa vipengele vikuu (PCA, hesabu inayobana viashiria vingi kuwa alama moja), kagua alama za kujumlisha na kutoa kwanza. Kompyuta inaweza kukupa kipimo kilichopinduka, Tandale juu na Oysterbay chini, na hesabu ikawa sahihi kabisa.

Michoro ya mapaa iliyotolewa kwenye picha za angani (ramani huru ya OpenStreetMap kupitia kazi ya Ramani Huria, au Open Buildings ya Google) zinasaidia sana, lakini zina mtego. Ondoa mapaa chini ya mita za mraba 15 hivi, mengi ni vyoo na vibanda. Kisha usidhani paa kubwa ni utajiri. Nyumba ya Kiswahili yenye korido katikati na vyumba sita inaweza kubeba kaya sita. Kipimo kinachofaa zaidi ni sehemu ya ardhi iliyofunikwa na mapaa na umbali kutoka nyumba hadi barabara inayopitisha gari. Manzese na Tandale zinajitokeza hapo waziwazi. Ukitumia gridi za WorldPop (makadirio ya idadi ya watu kwa kila kiboksi cha ramani), usizilinganishe na majengo kana kwamba ni ushahidi mpya: baadhi zimetengenezwa kwa kusambaza idadi ya sensa juu ya majengo hayohayo.

Kodi ya nyumba ni kiashiria kizuri ukikikusanya kwa nidhamu. Uliza kitu kimoja kila mahali, mfano chumba kimoja kisicho masta (kisicho na choo chake ndani), chenye umeme. Gawa malipo kwa miezi, maana mwenye nyumba mmoja anataka ya mitatu na mwingine ya sita au mwaka, na usiingize ada ya dalali. Chukua bei kumi kwa mtaa, tumia ile ya katikati badala ya wastani.

Kwa rangi, madaraja matano ya rangi moja yanatosha. Njia ya Jenks, inayokata madaraja kwa kufuata mapengo ya namba zenyewe, ni nzuri kwa ramani moja, ila ukiweka 2012 na 2022 pamoja, funga mipaka ya madaraja kwa mkono iwe sawa kwenye zote mbili.

Mwisho, panua ukingo. Jiji halikomi kwenye mpaka wa mkoa: Vikindu ya Mkuranga, Mapinga ya Bagamoyo, Kibaha na Kisarawe zina watu wanaoamkia daladala za Dar kila siku. Ukiziacha, kipande kikubwa cha wapangaji waliohamia kwenye nyumba zao wenyewe kinatoweka kwenye ramani yako.